Mavyaa yupo, watoto wamelala: mkahawa wa Kifaransa tunaula vipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu ni wa Mombasa, tunaishi Saint-Denis, kando ya Paris. Tuna watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu, na tangu azaliwe wa kwanza hatujawahi kutoka usiku wawili peke yetu. Mwezi wa kumi mavyaa anakuja kututembelea, na amesema Jumamosi moja atakaa na wajukuu zake, sisi twende zetu. Mume wangu ameshaweka meza kwenye bistro ya Kifaransa wilaya ya 11, saa moja usiku. Pizza na kebabu tunazijua, lakini mkahawa wa Kifaransa wa kukaa na kuhudumiwa hatujaukanyaga. Nguruwe hatuli, nyama tunakula ya kuchinjwa tu, pombe hatugusi hata ndani ya mchuzi. Wengine wakinywa karibu yetu hakutusumbui. Tuagize nini? Tutatumia kiasi gani? Na tufanyeje tusiaibike? Naogopa pia tutakaa tukizungumza habari za watoto tu, halafu saa tatu tumesharudi nyumbani. — Mama Wawili

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mama Wawili. Mpe shemeji salamu zangu na, kabla hujaendelea kusoma, mwambie apige simu mkahawani abadilishe saa.

Meza ya saa moja Jumamosi usiku ndiyo itakayowarudisha nyumbani saa tatu. Bistro nyingi za Paris ni ndogo, viti thelathini au arubaini, na Jumamosi hupanga zamu mbili: kundi la kwanza huingia saa moja au moja na nusu, la pili saa tatu. Wa zamu ya kwanza huambiwa, kwa adabu lakini huambiwa, kwamba meza inatakiwa. Sahani zinakuja mbio, kahawa inaletwa pamoja na bili, na wenye zamu ya pili wamesimama mlangoni na makoti yao wakiwatazama mnavyotafuna. Chukueni zamu ya pili. Baada yenu haji mtu. Kama mkahawa haupangi zamu, saa mbili na nusu ni saa nzuri. Shemeji aulize kwenye simu: "On garde la table toute la soirée ?" (meza ni yetu usiku mzima?) Jibu atakalopewa litamwonyesha pale ni mahali pa aina gani.

Saa hiyo inawafaa kwa jambo jingine pia. Katikati ya mwezi wa kumi jua la Paris linazama kama saa moja, kwa hivyo magharibi mnaswali nyumbani, watoto unawalisha na kuwalaza wewe mwenyewe, ndipo mtoke. Mavyaa wako anabaki na watoto waliolala, hahangaiki na wa miaka mitatu anayemlilia mama. Mngekwenda Juni hesabu ingekuwa nyingine kabisa: magharibi inaingia karibu saa nne, na wewe uko katikati ya samaki. Kuhusu kurudi msiwe na hofu, Jumamosi usiku metro inatembea mpaka saa nane na robo. Siku za kawaida ndiyo inaishia saa saba na robo.

Nimeanza na saa kwa sababu ndicho kitu mnachokwenda kununua. Katika miaka yangu ya kubeba sahani katika mji huu nimewaona watu wetu wengi wakitazama bei na kufanya hesabu ya kilo: samaki huyu mdogo, euro ishirini na nane? Kwa kushiba tu, biriani ya mavyaa itawashibisha zaidi, na kwa pesa kidogo. Kwenye mkahawa wa Kifaransa unalipia meza, kiti, na saa tatu ambazo hakuna mtu atakayekuita "mama" akitaka maji. Kila nitakachokwambia hapa chini, kuanzia idadi ya sahani mpaka namna ya kuweka uma, nakipima kwa hilo.

Na mpangilio wao wa kula umetengenezwa kwa ajili ya kukaa. Zamani karamu za wakubwa wa Ufaransa zilikuwa kama sinia letu la arusini: vyakula vyote vinatandazwa kwa pamoja, kila mtu anachukua kilicho karibu naye, na vya mbali vinapoa. Karne ya 19 ndipo desturi ya Kirusi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine ilipoenea. Husimuliwa sana pamoja na jina la balozi wa Urusi, Aleksandr Kurakin, aliyewakaribisha watu hivyo Paris miaka ya 1810. Tangu hapo chakula kina foleni: sahani ya kwanza (wao huiita entrée), sahani kubwa, jibini kwa anayetaka, kitamutamu, kisha kahawa. UNESCO ilipouingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, mwaka 2010, haikuingiza pishi lolote. Iliingiza desturi nzima ya kukaa mezani pamoja, pamoja na huo mfuatano wa sahani na mazungumzo ya kati yake.

Kwa hivyo dakika kumi na tano au ishirini zikipita baina ya sahani na sahani, msigeuke kumtafuta weta. Zimewekwa.

Ila ujue jinsi jiko linavyofikiri, maana linafikiri kwa meza, si kwa mtu. Wewe ukiagiza sahani ya kwanza na shemeji akasema yeye hapana, sahani yake kubwa haitatoka mpaka yako ya kwanza imalizike na kuondolewa. Atakaa akikutazama, atakula mkate wote, na ikija zamu yake ameshashiba. Agizeni idadi moja ya sahani. Ikiwa tumbo halina nafasi ya sahani tatu kila mmoja, basi wote wawili chukueni sahani kubwa na kitamutamu, mkiamua kwa pamoja. Vilevile weta mzuri haondoi sahani ya mmoja huku mwenzake bado anakula. Kisu na uma vikilala sambamba ndani ya sahani, maana yake umemaliza. Vikikaa mbalimbali, bado. Ukitaka kuongeza dakika kumi za kuzungumza, acha vipande viwili vya mboga na uma wako umelala upande wake. Hakuna atakayekugusa.

Sasa chakula. Hapa kuna kazi, na nitakaa kidogo.

Nguruwe katika jiko la Kifaransa hajitokezi akasema mimi hapa. Anajificha kwenye lardons, vipande vidogo vya nyama yake iliyotiwa chumvi, vinavyotupwa kwenye saladi, kwenye dengu, kwenye uyoga, na wapishi wengine huvitia hata chini ya samaki. Saladi ya jibini la mbuzi lililopashwa moto inasikika salama; mara nyingi ina lardons. Terrine (nyama iliyosagwa na kuokwa kwenye bakuli), rillettes (nyama iliyopikwa ikachambuka, ya kupaka mkate), quiche lorraine (pai ya mayai na lardons), hizo ziache moja kwa moja, ingawa rillettes za samaki zipo na ni nzuri juu ya mkate. Halafu kuna mafuta: viazi vya kusini-magharibi hukaangwa kwa mafuta ya bata. Halafu kuna supu ya mifupa, ile wanayoitia kwenye sosi na kwenye supu za mboga ili zipate uzito. Supu ya kitunguu, fahari ya Paris, kwa kawaida hupikwa na supu ya ng'ombe, na wengi huitia mvinyo mweupe.

Mvinyo ndio mgumu zaidi kuliko nguruwe, maana hauna vipande vya kuonekana. Bœuf bourguignon na coq au vin, yaani ng'ombe na jogoo waliopikwa ndani ya mvinyo, zinajitangaza. Zisizojitangaza ni sosi za samaki: beurre blanc huanza na mvinyo mweupe na siki, marinière ya kome ni mvinyo na vitunguu, chochote kilichoandikwa "à la normande" kina uwezekano wa kuwa na sharubati ya tufaha iliyochacha. Sosi ya pilipili manga ya nyama hutiwa konyaki. Mtu akikwambia pombe yote imekwisha motoni, mwambie asante. Sehemu yake hubaki.

Baada ya kuwatisha hivyo, habari njema: mnakwenda Oktoba, na sisi wa pwani wengi ni Shafii, vya baharini havina mjadala. Msimu wa coquilles Saint-Jacques, zile kombe kubwa zenye nyama nyeupe nene, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Zikikaangwa vizuri zina ganda la kahawia juu na chini, na katikati bado laini, karibu ziwe tamu. Ziombe kwa siagi tu, na uulize kama hakuna chorizo (soseji ya nguruwe) wala lardons pembeni, maana wapishi wa siku hizi wanapenda mchanganyiko huo. Oktoba ni wakati wa uyoga pia: omelette aux cèpes ni mayai na uyoga wa porini, na ukiiona kwenye menyu usiidharau kwa kuwa ni mayai. Mpishi asiyejua kazi hawezi kuificha omleti.

Sahani kubwa, mimi ningewatafutia samaki wa meunière au wa grenobloise. Meunière ni hivi: samaki anapakwa unga, anakaangwa kwenye siagi, siagi inaachwa mpaka inanukia njugu, inakamuliwa limau juu yake. Mvinyo haumo katika pishi lenyewe. Sole, samaki bapa jamii ya gayogayo, ndiye wa heshima kwa pishi hilo, na bei yake ni ya heshima pia. Kama mfuko hauruhusu, tazama raie. Huyo ni taa, dada yangu, taa yule yule wa kwetu, ila hapa wanachukua bawa bichi, wanalipika kwa siagi na vitumba vya câpres vilivyowekwa kwenye siki, ndiyo hiyo grenobloise. Nyama yake inatoka nyuzi nyuzi kwa uma, na haina miiba ya kukusumbua, ina gegedu tu. Wageni wengi hawamwagizi kwa sababu hawamjui. Nyinyi mnamjua.

Samaki mzima akiletwa, weta atakuonyesha kwanza, kisha atauliza kama akutolee miiba. Kubali. Atapitisha kijiko kwenye mstari wa uti wa mgongo, atafungua minofu ya juu kulia na kushoto, halafu atauinua mfupa wote, mkia mpaka kichwa, kwa mkono mmoja. Ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo vijana ninaowafundisha huiogopa kuliko zote, kwa sababu mteja anatazama na mfupa ukikatika katikati hakuna pa kuuficha.

Pembeni, gratin dauphinois ni viazi, maziwa, krimu na kitunguu saumu. Ratatouille ni mboga na mafuta ya zeituni. Chaza wabichi wakija juu ya barafu wana limau na siki yenye vitunguu. Siki hiyo asili yake mvinyo, na kwa hilo muulizeni shekhe wenu, mimi ni mtu wa mezani.

Kwenye kitamutamu, keki iitwayo baba huloweshwa kwenye ramu mpaka inadondoka, crêpe Suzette, chapati nyembamba ya maji, ina pombe ya machungwa, na pea zikiwa nyekundu zimechemshwa kwa mvinyo. Bavarois na panna cotta, vitamutamu vya krimu, hugandishwa kwa jelatini, na jelatini hapa mara nyingi ni ya nguruwe. Crème brûlée haina tatizo hilo, inagandishwa na mayai. Tarte Tatin, ile ya tufaha zilizopikwa kwenye sukari ya kuungua na kupinduliwa, kwa kawaida haina pombe, wala profiteroles. Kama hamjui mchague nini, agizeni café gourmand: kahawa moja na vitamutamu vidogo vitatu au vinne pembeni. Ila hivyo huchaguliwa na jiko, basi uliza vina nini.

Haya yote msiyaache mpaka mkae mezani saa tatu usiku jiko likiwa limejaa moshi. Shemeji akipiga simu kubadilisha saa, papo hapo aseme: "Nous ne mangeons pas de viande, et pas d'alcool, même dans les sauces. Le poisson, c'est parfait." Yaani hatuli nyama, wala pombe hata ndani ya sosi; samaki ni sawa kabisa. Mpishi akijua tangu Alhamisi, anaweka sosi yenu pembeni kabla hajaitia mvinyo. Akiambiwa Jumamosi huku oda kumi na tano zimening'inia mbele yake, atawapa samaki mkavu na limau. Na msiseme uongo kwamba mna mzio. Watu wanafanya hivyo wakidhani watachukuliwa kwa uzito zaidi, na kweli wanachukuliwa: jiko linasimama, visu vinabadilishwa, kila sahani inapunguzwa mpaka haina ladha, kwa kuogopa mtu kukimbizwa hospitali.

Nisichoweza kukuahidi ni kikaango. Jiko la bistro lina vikaango vichache na vinapita kila kitu. Kama hilo linakukwaza, futeni meza hiyo mtafute bistro inayopika Kifaransa kwa nyama ya kuchinjwa. Paris na vitongojini mwake zipo, na hapo utakula hata bourguignon iliyopikwa bila mvinyo. Uamuzi ni wenu, ila ufanyeni sasa. Nimeona watu wamekaa, wamefunguliwa menyu, ndipo wanaanza kubishana kwa sauti ya chini juu ya kikaango. Usiku unaharibika hapo hapo.

Vinywaji vichukue dakika moja. Mkikaa mtakuta glasi za mvinyo zimeshawekwa. Mkisema hamnywi, weta ataziondoa, na hatashangaa, anafanya hivyo kila siku. Atauliza kama mnataka kinywaji cha kufungulia, semeni hapana asante. Atauliza maji ya kawaida au ya gesi: hilo ni swali la chupa, na chupa inalipiwa. Nyinyi semeni "une carafe d'eau", maji ya bomba kwenye jagi, ambayo kwa sheria ni bure pamoja na mkate. Mkitaka kitu cha rangi, diabolo ni soda ya limau na sharubati ya mnanaa au ya komamanga, haina pombe. Msije mkaagiza panaché kwa kuona jirani anakunywa kitu cha manjano chenye povu. Hiyo nusu ni bia.

Aibu uliyoitaja sijui inatoka wapi, lakini naielewa, maana hata Wafaransa wa mashambani wanakuja Paris nayo. Kosa linalowaudhi wahudumu hapa ni moja kubwa, nalo halihusu uma: mtu kuingia bila kusema "bonsoir" na kwenda kujikalisha. Salimieni, subirini mlangoni, mtapelekwa. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani, wala si ndani yake. Mikono miwili ikae juu ya meza. Kahawa huja baada ya kitamutamu. Ukiitaka pamoja nacho, sema. Mavazi, lolote la kutokea, buibui na mtandio havina neno. Udi tu upunguze. Meza za bistro zimebanana kiasi kwamba kiwiko cha jirani utakijua, na anayekula samaki wake pembeni yako hataki kumla pamoja na chetezo.

Pesa. Kwa sheria menyu na bei lazima zibandikwe nje, basi siku moja mkipita mtaa huo someni mlangoni kabla. Tafuteni ile inayoitwa "menu" au "formule", yaani sahani mbili au tatu kwa bei moja. Jioni, kwenye bistro ya kawaida ya wilaya ya 11, tarajieni kama euro 35 mpaka 50 kwa mtu kwa sahani tatu. Wawili, pamoja na diabolo mbili na kahawa mbili, wekeni 110 mfukoni mkae kwa raha. Samaki wa sole ndiye anayeweza kuivunja hesabu hii, na kadiri mnavyokataa nyama ndivyo formule inavyobana, maana samaki wake huwa mmoja tu. Shemeji aulize kwenye simu ni yupi. Huduma imeshahesabiwa ndani ya bei, ni sheria tangu 1987. Mashine za kadi siku hizi zinauliza mtaacha asilimia ngapi, hasa maeneo ya watalii. Bonyezeni sifuri bila haya; mkifurahi, acheni euro mbili tatu mezani.

Kuna watakaowaambia nendeni bouillon, yaani ukumbi mkubwa wa chakula cha bei nafuu, mkale kwa nusu ya pesa hiyo. Bouillon Chartier, iliyofunguliwa 1896 kule Faubourg Montmartre, ninaipenda sana. Ukumbi wake mnalipia kwa macho tu, na weta anaandika bili juu ya karatasi iliyofunika meza. Lakini huko mnapanga foleni barabarani, mnaweza kukalishwa na watu msiowajua, na sahani zinakuja kwa kasi ya treni. Mahali pazuri pa kwenda na watoto. Usiku huu hapana. Na upande wa pili, wakiwashauri mkahawa wenye nyota ya Michelin, subirini mwaka mwingine. Menyu ndefu za sahani saba nane, ambazo mara nyingi meza nzima inalazimika kuzichukua, ni vigumu kuzipitisha kwenye masharti yenu, na shemeji atakuwa anajumlisha kichwani tangu kipande cha kwanza.

Umesema unaogopa mtazungumza habari za watoto tu. Mtazizungumza. Wanandoa wote wenye watoto wadogo huanza hivyo, mhudumu anawajua kutoka mlangoni: simu imewekwa mezani, uso juu, baina ya glasi mbili. Sahani ya kwanza yote ni meno ya fulani na mwalimu wa fulani. Iacheni ipite, ni kama kupunga joto la nyumbani, na kuilazimisha mada nyingine ni kazi. Kitu kimoja tu: simu itoke mezani. Mwambie mavyaa apige, asitume ujumbe. Weka sauti kwa namba yake peke yake, itie ndani ya mkoba. Asipopiga, wamelala. Ukiwa na ujumbe wa kusoma utausoma kila baada ya dakika tano, na picha ya mtoto aliyelala itakurudisha Saint-Denis wakati bawa la taa linapoa mbele yako.

Na kaeni pembeni kwa pembeni kama meza ina lile benchi refu la ukutani. Mkitazama ukumbi pamoja, mada zinakuja zenyewe: yule mzee anayekula peke yake na kitambaa shingoni, wale wawili wanaogombana bila kutoa sauti. Watu wa Mombasa hawajawahi kukosa la kusema juu ya wapita njia.

Kwenye zamu ya pili bili haitakuja mpaka muiombe. Kwao kuileta bila kuombwa ni kumfukuza mgeni, kwa hivyo mkikaa mkisubiri iletwe mtakaa mpaka viti vipandishwe juu ya meza. "L'addition, s'il vous plaît", basi. Kikibaki chakula mtafungiwa. Tangu Julai 2021 mkahawa wa kula hapo hapo unatakiwa utoe chombo mteja akiomba. Kipande cha gratin cha watoto cha kesho asubuhi kitabebeka vizuri.

Jambo la mwisho hukuuliza, lakini limo ndani ya barua yako. Mavyaa akiondoka, mtangoja mwaka mzima tena? Wa miaka mitatu naye yuko shule sasa. Tangu 2019 shule ni lazima kuanzia umri huo. Bistro hiyo hiyo, mchana wa siku ya kazi, ina formule ya euro ishirini na kitu, jikoni yuko mpishi yule yule, na hakuna zamu ya pili ya kuogopa kwa kuwa saa nane watu wote wamerudi maofisini. Jumatano muiache, shule nyingi hazisomi siku hiyo. Ijumaa kuna sala. Shemeji akiweza kuomba nusu siku ya Alhamisi, waandikisheni watoto kantini, ingieni saa sita na nusu. Mpaka wakati wa kuwachukua langoni mnazo saa zisizopungua tatu, na mavyaa hahitaji tikiti ya ndege.